Nyumba ya mbao husimamaje?

Kila msimu wa tonado Marekani, picha za mitaa iliyosambaratika zikianza kuzunguka kwenye simu, swali linalofuata ni lile lile: hawa watu wenye fedha zote hizi, mbona wanajenga kwa mbao? Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya tofali, tena aliyemwona mzee wake akijinyima miaka kumi kumaliza boma, ana haki ya kushangaa. Anayefika Minnesota au Texas kwa mara ya kwanza hushangaa zaidi. Anagonga ukuta wa sebule kwa kidole, anasikia uwazi ndani, anamtazama mwenyeji wake: hii ndiyo nyumba mnayolipia miaka 30?

Jibu linalotolewa haraka, kwamba kule misitu ni mingi na mbao ni rahisi, lina ukweli lakini halielezi nyumba inavyosimama. Zaidi ya nyumba tisa katika kila kumi za familia moja zinazojengwa Marekani leo zina kiunzi cha mbao, na nyingi zilizojengwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia bado zinakaliwa. Ubao mmoja mmoja wa kiunzi hicho ni mwembamba kiasi kwamba ukiusimamisha peke yake ukauegemea, utapinda. Nguvu haimo ndani ya ubao. Imo katika namna mbao zilivyoshikana, na nyumba hizi zinapoanguka, mara nyingi huanguka penye kiungo, mbao zenyewe zikiwa nzima.

Tuanze na uzito. Ukuta wa tofali husimama kwa sababu ni mzito na mpana, na tofali la chini limekandamizwa na yote yaliyo juu yake. Kiunzi cha mbao hakina uzito wa kujivunia. Mzigo wa paa unashukia kwenye kenchi, kenchi inaupeleka juu ya ukuta, na ukuta ni safu ya viguzo vyembamba ambavyo kila kimoja kinapokea fungu lake na kulishusha hadi kwenye boriti za sakafu, kisha msingi, kisha ardhi. Vinavyoonekana kwa macho, yaani jipsamu ya ndani (zile bodi nyeupe za chokaa ngumu zinazofunika ukuta) na ukuta wa nje, havibebi paa.

Watu wa pwani hawahitaji maelezo marefu hapa. Nyumba ya miti na udongo inafuata mantiki hiyo hiyo: nguzo za mikoko zinabeba paa, fito zinazishika nguzo, na udongo unaokandikwa unaziba tu. Mvua ikimomonyoa udongo wote, paa la makuti linabaki juu. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Nguzo ya mkoko imechimbiwa ardhini, kwa hiyo ukiisukuma kwa ubavu ardhi inaishikilia. Kiguzo cha nyumba ya Kimarekani hakichimbiwi. Kimekaa tu juu ya ubao uliolala, kimepigwa misumari miwili mitatu. Kinabeba mzigo wa kutoka juu bila shida, ila ukikisukuma kutoka ubavuni hakina pa kujishikia. Karibu kila jambo gumu katika ujenzi huu linatokana na tofauti hiyo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Walowezi wa kwanza kutoka Uingereza na Ujerumani walijenga kwa magogo mazito yaliyochongwa, yakiunganishwa kwa tundu na ulimi na kukazwa kwa vigingi vya mti. Kazi hiyo ilitaka seremala aliyesomea kwa miaka, na watu wengi wa kuinua kila fremu. Msumari ulikuwa adimu kwa sababu mhunzi aliufua mmoja mmoja kwa nyundo. Thamani yake ilikuwa kubwa hata koloni la Virginia likapitisha sheria mwaka 1645 ya kuwazuia watu wanaohama wasichome nyumba zao kuukuu ili kuokota misumari kwenye majivu. Thomas Jefferson, kabla hajawa rais, alikuwa na karakana ya misumari kwenye shamba lake la Monticello kuanzia 1794, na waliofua misumari hiyo walikuwa vijana watumwa.

Kisha zikaja mashine za kukata misumari kutoka kwenye bamba la chuma, na viwanda vya kupasua mbao kwa nguvu za maji na mvuke. Kufikia miaka ya 1830 msumari ulikuwa kitu cha kawaida dukani. Chicago wakati huo ni kijiji kinachokua kwa kasi, mafundi wa magogo ni wachache, wahamiaji wanashuka kila siku. Hapo ndipo mtindo wa mbao nyembamba zilizopigiliwa ukashika kasi. Waliozoea magogo waliudharau, wakidai nyumba ya namna ile itapeperuka. Haikupeperuka, na mtu wa kawaida mwenye msumeno na nyundo aliweza kujijengea.

Ila mtindo ule wa kwanza ulikuwa na kasoro. Viguzo vyake vilipanda moja kwa moja kutoka msingi hadi paani, ghorofa mbili bila kukatika. Kati ya kiguzo na kiguzo kulibaki nafasi wazi, na moto ukiingia chini ulipanda kwa nafasi hiyo hadi darini kabla mtu hajanusa moshi. Karne ya 20 ilipoingia, mbao ndefu nazo zikazidi kuwa ghali, mafundi wakahamia mtindo unaotumika hadi leo: unajenga sakafu, juu yake unasimamisha kuta za ghorofa moja tu, juu ya kuta hizo unajenga sakafu nyingine, na kadhalika. Kila ghorofa inafungwa na ubao uliolala, na moto unakuta kizuizi.

Sasa tufuate kazi yenyewe.

Msingi unategemea baridi kuliko watu wanavyodhani. Maeneo mengi ya Texas unaweza kumwaga bamba la zege juu ya ardhi ukaendelea. Minnesota, maji yaliyo ardhini huganda wakati wa baridi, yakiganda yanatanuka, na yakitanuka yanaweza kuinua nyumba. Kwa hiyo kitako cha msingi lazima kiende chini ya kina kinachoganda: kanuni za jimbo hilo zinataka inchi 42 kusini na inchi 60 kaskazini, yaani mita moja na nusu. Ukishachimba hivyo, ni akili kuchimba zaidi kidogo ukapata chumba kizima cha chini ya ardhi. Ndiyo maana nyumba za kaskazini nyingi zina chumba hicho na za Texas ni nadra kuwa nacho.

Zege likiwa bado bichi, zinazamishwa bolti za unene wa nusu inchi, angalau inchi 7 ndani, zisizoachana zaidi ya futi 6. Ubao wa kwanza kabisa, uliotiwa dawa kwa kuwa unagusana na zege lenye unyevu, unatobolewa, unavalishwa kwenye bolti hizo na kukazwa kwa nati. Bolti hizi zikishafunikwa hakuna atakayeziona tena, lakini bila yake nyumba nzima imekaa juu ya msingi kwa uzito wake tu, na tumeshasema uzito huo si wa kutegemea.

Boriti za sakafu zinafuata, zikisimama kwa upande wao mwembamba. Hii si mazoea tu. Ubao ukiongezewa kina mara mbili, ukaidi wake wa kutopinda unaongezeka mara nane, wakati ukiongezewa upana mara mbili unaongezeka mara mbili tu. Boriti ya inchi mbili kwa kumi iliyosimama inabeba watu na makochi, na ile ile ikilazwa inakuwa bembea. Juu ya boriti zinabandikwa bodi kwa gundi na misumari, na papo hapo fundi anapata meza ya kazi yenye ukubwa wa nyumba.

Kwenye meza hiyo kuta zinaundwa zikiwa zimelala: ubao wa chini, ubao wa juu, na viguzo katikati. Ubao unaoitwa mbili kwa nne, ukiupima, una inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, kwa sababu jina ni la ubao mbichi uliotoka kwenye msumeno na kipimo ni cha ubao uliokaushwa na kurandwa. Viguzo hupangwa kila inchi 16, kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine. Kwa nini 16? Kwa sababu bodi za kufunika huuzwa zikiwa na upana wa inchi 48 na urefu wa 96, na namba zote mbili zinagawanyika kwa 16 bila baki. Kila kingo ya bodi inaangukia katikati ya kiguzo, msumari unapata pa kushika. Mkenya au Mtanzania anayetaka kutundika runinga ukutani huko ughaibuni aitumie namba hiyo: akikipata kiguzo kimoja, kinachofuata kwa kawaida kiko inchi 16 pembeni. Akipiga skrubu kwenye jipsamu tupu, runinga italala sakafuni.

Mpangilio huu umeingia hadi kwenye maduka ya mbao. Kwa chumba cha futi 8, kiguzo huuzwa kikiwa kimeshakatwa inchi 92 na tano ya nane. Namba inachekesha mpaka uijumlishe na mbao tatu zinazolala, moja chini na mbili juu, kila moja inchi moja na nusu. Unapata inchi 97 na moja ya nane, urefu unaotosha bodi mbili za jipsamu zilizolazwa moja juu ya nyingine, unene wa jipsamu ya dari, na mwanya mdogo chini unaofichwa na ubao wa pembezoni mwa sakafu. Fundi hakati hata kiguzo kimoja siku nzima.

Penye mlango na dirisha viguzo vimekatwa, na mzigo vilivyokuwa vinaubeba hauwezi kuachwa hewani. Unawekwa ubao mzito wa kukingama, linta ya mbao, na kila mwisho wake unakaa juu ya kiguzo kifupi kilichopigiliwa kwenye kiguzo kirefu. Kisha watu wanne au watano wanainua ukuta mzima kwa pamoja, wanaunyoosha kwa timazi, wanausimika kwa mbao za mshazari za muda. Ubao wa pili wa juu unapigwa ukipishana na maungio ya ule wa kwanza, hasa kwenye pembe, hivyo ukuta mmoja unamshika mwenzake.

Hapo nyumba inaonekana imekamilika, na hapo ndipo ilipo dhaifu kuliko wakati wowote. Pigilia mbao nne kwa umbo la mstatili, msumari mmoja kila pembe, usukume pembe ya juu: mstatili unalala upande. Ukuta wa viguzo bila kitu kingine utafanya vivyo hivyo upepo ukija. Sasa pigilia bodi juu ya mstatili huo, ujaribu tena. Hausogei, maana ili ulale lazima bodi yenyewe ikunjike au misumari yote ing'oke. Ndiyo kazi ya zile bodi za plaiwudi, au za vipande vya mti vilivyogandamizwa kwa gundi zinazojulikana kwa herufi OSB, unazoziona zimefunika nyumba nzima kabla ya ukuta wa nje kupambwa. Wengi hudhani ni za kuziba upepo, kumbe ndizo zinazofanya kazi ambayo kwetu inafanywa na kuichimbia nguzo.

Na bodi ni sawa na misumari yake. Kanuni ya kawaida ni msumari kila inchi 6 kwenye kingo na kila inchi 12 katikati, nao usizame ndani kupita uso wa bodi. Fundi mwenye haraka na bunduki ya misumari iliyowekewa shinikizo kubwa mno anaweza kutoboa bodi nzima, kichwa cha msumari kikapita ndani, na kwa macho kazi ikaonekana safi. Bodi pia huachiana upenyo mdogo, kama moja ya nane ya inchi, kwa sababu zikinywa unyevu hutanuka.

Tatizo linakuja pale ukuta wa kubandika bodi haupo. Tetemeko la Northridge, California, alfajiri ya tarehe 17 Januari 1994, lililionyesha hilo kwa uchungu. Kwenye jengo moja la fleti, Northridge Meadows, chini kulikuwa na maegesho ya magari: nafasi kubwa wazi, kuta chache. Ghorofa za juu zilikuwa na kuta nyingi zikabaki karibu na umbo lake, ile ya chini ikalala, na watu 16 wakafa. Mbao kwa kawaida ni rafiki wakati wa tetemeko, kwa kuwa ni nyepesi na tetemeko linausukuma uzito. Lakini wepesi hauokoi ghorofa isiyo na kuta.

Paa siku hizi mara nyingi halikatwi kiwanjani. Kenchi zinakuja na lori zikiwa tayari, mbao zake zimeunganishwa kwa mabamba ya chuma yenye meno yaliyogandamizwa na mashine, na winchi inazipandisha. Kila kipande ndani ya kenchi kina kazi yake, kingine kinavutwa na kingine kinasukumwa, na mwenye nyumba anayeamua kukata viwili vitatu ili apate stoo darini anaichokoza nyumba yake.

Upepo sasa. Watu hudhani upepo husukuma nyumba. Husukuma, lakini hatari kubwa zaidi ni kwamba unapopita juu ya paa unalivuta juu, na ukipata mlango uliovunjika, hasa ule mpana wa gereji, unaingia na kulisukuma kutoka ndani. Kila kiungo tulichokieleza kilitengenezwa kupokea mzigo unaoshuka. Ghafla mzigo unapanda, na kenchi iliyopigiliwa misumari miwili ya mshazari juu ya ukuta inachomoka.

Kimbunga Andrew kilipoipiga Florida kusini tarehe 24 Agosti 1992, nyumba zaidi ya 25,000 ziliharibiwa kabisa. Uchunguzi ulikuta bodi za paa zilizofungwa kwa pini za mashine badala ya misumari, na nyingine ambazo misumari yake ilikuwa imekosa mbao kabisa, imetokeza pembeni. Nyumba jirani zilizopigiliwa vizuri, za mbao zile zile, zilibaki na paa. Kanuni mpya za jimbo zima zilianza kutumika mwaka 2002, na kiini chake ni mnyororo usiokatika: kishikizo cha chuma kutoka kenchi hadi ukuta, kingine kutoka ghorofa ya juu hadi ya chini, na cha mwisho kutoka kiguzo hadi bolti iliyozama kwenye zege. Ukivuta paa, unavuta msingi.

Tonado kubwa kabisa, yenye upepo unaozidi kilomita 320 kwa saa, ni habari nyingine. Hiyo haiachi nyumba ya kawaida, iwe ya mbao au ya tofali. Na nyumba nyingi za Marekani zinazoonekana za tofali ni za mbao zilizovishwa safu moja ya tofali kwa nje kwa ajili ya sura.

Adui asiye na kelele ni maji. Ubao wa kiunzi huuzwa ukiwa umekaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 19, na ukibaki hivyo unaishi zaidi ya aliyeupigilia. Ukinywa maji usipate pa kuyatoa, ukungu unaula. Kwa hiyo juu ya bodi huvishwa kitambaa kinachozuia matone ya mvua lakini kinapitisha mvuke, kisha ndiyo unakuja ukuta wa nje. Vancouver, Kanada, ilijifunza kwa gharama kubwa: fleti nyingi zilizojengwa kuanzia miaka ya 1980 zilipakwa plasta iliyobana, paa hazikutokeza nje kuikinga mvua, maji yakaingia madirishani na kukwama ndani. Kiunzi kikaoza nyuma ya ukuta mzuri.

Moto hauhitaji maneno mengi. Jipsamu ina maji karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake, yamefungwa ndani ya madini yenyewe, na moto lazima uyachemshe kwanza kabla haujaufikia ubao. Hizo ni dakika za kutoka nje.

Kabla jipsamu haijafunika kuta, mkaguzi wa mji anakuja. Anamtafuta hasa fundi bomba. Seremala amepanga boriti zake vizuri, kisha fundi bomba anafika, bomba lake haliendi, anachukua msumeno. Kanuni ni kwamba tundu kwenye boriti lisizidi theluthi ya kina chake na lisikaribie kingo ya juu au ya chini kwa inchi mbili, kwa sababu nguvu ya boriti iko kingoni. Katikati unaweza kutoboa, lakini kingo ukiikata umeipunguza boriti kuwa ndogo.

Je, kwetu? Misonobari ya shamba la Sao Hill kule Mufindi, Tanzania, inatoa mbao za kutosha kumfanya mtu awaze. Kinachokosekana ni vitu vya kati: mbao nyingi sokoni huuzwa mbichi, hazijapangwa kwa daraja la nguvu, na mchwa hawana msimu wa baridi wa kuwapunguza kasi. Nyumba nzima ya kiunzi bila mbao kavu zilizotiwa dawa kwa shinikizo ni kuwaandalia mchwa karamu. Sioni sababu ya kuacha tofali.

Lakini sehemu moja ya nyumba hii tayari tunaijenga kila siku, nayo ni paa. Kila mwanzo wa mvua redio inatangaza shule au zahanati iliyoezuliwa, na maelezo huwa kwamba upepo ulikuwa mkali. Fundi akiulizwa atasema alitumia mbao nzuri na mabati ya geji nzuri. Cha kumwuliza ni kenchi imefungwa na nini. Mara nyingi imepigiliwa kwenye ubao uliolala juu ya ukuta, na ubao huo haukushikwa na chochote ila uzito wa paa. Dawa yake ni ya siku ya kumwaga linta: vipande vya nondo au mkanda wa chuma uachwe ukining'inia kwenye zege bichi kila penye kenchi, upandishwe na kozi za juu, uzungushwe juu ya ubao wa kenchi na kupigiliwa. Linta ikishakauka, kuyafanya hayo kunataka kutoboa zege.